ACE kwa mtoto anayetoka P3, na PLE baadaye

Shikamoo mama. Umeuliza kama vijitabu vya ACE (Accelerated Christian Education, mtaala wa Kikristo ambao mtoto hujisomea kwa vijitabu) vitamfaa mwanao wa P3, yaani darasa la tatu, nawe unataka afanye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda. Vinafaa, ila usinunue vya mwaka mzima bado. Mpe kwanza mtihani wa kupima kiwango. Mtoto anaweza kuwa ngazi ya 3 kwa Kiingereza na ya 2 kwa hesabu. Ukimwanzishia yote mawili ngazi ya 3, hesabu zitamkwamisha.

Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Kwa siku 180 za masomo, kila kimoja kina siku 15: gawanya kurasa kwa 15, umwekee lengo la kila siku. Tatizo kubwa ni majibu. Mtoto hujifunza upesi kunakili sentensi kujaza nafasi bila kuelewa chochote. Funika ukurasa, umwambie akueleze kwa maneno yake. Kitabu cha majibu kikae kwako, tafadhali, hata kama ni mwaminifu.

Mistari ya Biblia ya kukariri hutoka tafsiri ya King James, ya Kiingereza cha zamani. Akikwama kwenye “thou” (wewe), msomee mstari huohuo kwenye Biblia mnayotumia nyumbani, ndipo akariri.

Mtaala huu ni wa Marekani, na PLE ina sayansi na maarifa ya jamii ya Uganda. Nunua vitabu vya P4 vya masomo hayo mawili sasa, vipindi 3 kwa wiki kila somo. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, husajili watahiniwa kupitia vituo vya mitihani, kwa hiyo zungumza mapema na shule yenye namba ya kituo, kabla hajafika P7.