Kabla ya Kuchora Ukumbi wa Jiji, Andikeni Ratiba Yake

Nimesimamia kumbi za umma kwa miaka mingi, na karibu kila kamati inayoniita kuishauri kuhusu ukumbi mpya huwa imekwisha kuanza kubishana juu ya sura ya jengo na idadi ya viti. Huwa naomba michoro iwekwe kando kwanza, tuandike ratiba ya mwaka mzima: shughuli zipi zitafanyika humo, zitafuatana vipi, na kati ya moja na nyingine kutakuwa na saa ngapi. Ukumbi utakaopokea mkutano mchana na tamasha usiku huohuo hauhitaji ukubwa wa ziada. Unahitaji kugeuzwa upesi na watu wachache.

Kugeuza ukumbi ndiko kunakokula fedha za uendeshaji. Viti elfu moja vikiondolewa sakafuni ili meza zipangwe, lazima viwe na pa kwenda, lakini bajeti inapobana stoo huwa miongoni mwa vyumba vya kwanza kufutwa. Nimeona viti vimerundikwa kwenye korido ya mlango wa dharura, jambo ambalo hakuna meneja anayepaswa kulikubali hata kwa usiku mmoja. Mlango wa mizigo nao haupewi uzito wake. Lori likiweza kurudi kinyumenyume hadi usawa wa jukwaa, maboksi ya spika na taa yanasukumwa kwa magurudumu moja kwa moja; yakilazimika kupandishwa ngazi na kukatishwa kona, kazi ya asubuhi inamaliza siku nzima, na anayekodi ukumbi ndiye anayelipa.

Suala gumu kuliko yote ni sauti. Hotuba husikika vizuri pale sauti inapofifia ndani ya takriban sekunde 1, ilhali okestra ya muziki wa klasiki hutaka karibu sekunde 2, na kuta zisizobadilika haziwezi kutimiza yote mawili. Kinachosaidia ni mapazia mazito au paneli zinazoweza kushushwa na kupandishwa, ambazo sharti zitengewe nafasi darini tangu mwanzo. Kwa hiyo mtaalamu wa sauti aajiriwe pamoja na msanifu majengo, si baada ya zege kukauka.

Anayeona haya ni madogo aangalie Sydney Opera House, jumba la sanaa la jiji la Sydney, Australia. Ukumbi wake mkuu ulikusudiwa kutumika kwa opera, yaani maigizo ya kuimbwa, na kwa okestra pia, lakini miaka ya 1960, ujenzi ukiendelea, iliamuliwa uwe wa okestra, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Opera ikahamishiwa ukumbi mdogo, ambako wapiga ala walibanana. Jengo lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limegharimu dola milioni 102 za Australia, ilhali makadirio ya awali yalikuwa milioni 7. Sababu za ongezeko hilo ni nyingi, lakini kubadili matumizi katikati ya ujenzi ni moja ninayoiogopa sana.

Vyoo sitavizungumzia kwa kirefu: vya wanawake viwe vingi zaidi, kwa kuwa foleni ya wakati wa mapumziko hurefuka upande wao.

Ratiba ikikamilika, iwekeeni bei. Amueni ni siku ngapi vikundi vya wakazi vitalipa nusu au visilipe kabisa, na nani atafidia pengo hilo, kisha wapeni mafundi wa jukwaa na wasafishaji michoro ya kwanza waikosoe kabla haijaidhinishwa.