Jibu: Kuteleza kwenye theluji kwa bajeti ndogo, nendeni Bansko

Dada, umeuliza wapi Ulaya wewe na watoto mnaweza kuteleza kwenye theluji bila kumaliza mshahara. Achana na Uswisi, nendeni Bansko, Bulgaria. Ni mji mdogo chini ya milima ya Pirin, kama kilomita 160 kutoka Sofia, mji mkuu, na mabasi yapo. Vyumba na chakula ni nafuu mno ukilinganisha na milima ya Alps, kama kule Uswisi. Ingieni mehana, migahawa yao ya kienyeji, muagize supu ya maharage na mkate wa moto. Viza ya Schengen inatosha, na tangu Januari 2026 wanatumia yuro.

Tatizo ni gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ya kupandia mlimani kutoka mjini. Ni moja, na foleni ya asubuhi inachosha watoto kweli kweli. Wahini kabla haijafunguliwa, na wiki ya Mwaka Mpya msiende kabisa.

Vifaa msinunue, kodini palepale. Viatu mvijaribu na soksi moja tu. Mkisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Viatu vikilegea, mguu hauongozi ubao wa kutelezea.

Kama watoto ndio wanaanza, angalia pia Borovets, sehemu nyingine ya kuteleza hukohuko Bulgaria, kama kilomita 70 tu kutoka Sofia.