Muulize Shangazi: Tunaenda Ufini Desemba, watoto watachezaje nje na baridi ile?

SWALI
Kamwene Shangazi, na shikamoo. Mi ni mtu wa Njombe, hapahapa mjini, nina watoto wawili, mkubwa miaka tisa mdogo mitano. Dada yangu alienda Ufini kusomea misitu akaolewa hukohuko, anaishi Oulu, na mwaka huu katutumia tiketi tukale naye Krismasi. Sasa kila tukipigiana simu anasema jiandaeni kushinda nje, watoto wa kule wanatolewa nje kila siku wanateleza, soseji zinachomwa kwenye theluji, basi mke wangu kagoma, anasema yeye hawezi kuingiza wanae kwenye friji wakapate nimonia. Mi namwambia sisi watu wa Njombe baridi itatufanya nini, tumezaliwa nayo. Nani yuko sahihi hapo? Na nguo tununue huku au?
Baba Upendo, Njombe

JIBU
Kamwene baba Upendo, marahaba. Wote wawili hamjapatia, na naanza na wewe maana ndo unajiamini zaidi. Ile sakitu ya mwezi wa sita na wa saba si unaijua, unaamka majani meupe kama mtu kamwaga chumvi shambani, viazi vya watu vimeungua, lakini saa nne jua likishapanda unavua koti unaendelea na kazi. Oulu hiyo saa nne haipo. Mimi nimekaa upande ule misimu miwili ya baridi, Desemba jua linatoka kama saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana linazama, na hata likitoka linatambaa chini kwenye miti halipandi popote. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni siku ya kawaida tu, 20 hakuna anayeshangaa. Sisi huku baridi tunaivumilia bana, tunajikunyata na blanketi mpaka ipite, kule ukisema uvumilie utaumia, kule inavaliwa.

Mama Upendo naye asikie hili: nimonia inaletwa na vijidudu, hewa ya baridi peke yake haiwezi kumpa mtoto nimonia, na vijidudu vinapenda sana nyumba iliyofungwa madirisha watu wanane wanapumuliana siku nzima. Kule hata vitoto vichanga vinafunikwa vizuri vinalazwa mchana nje kwenye vigari vyao, mara ya kwanza kuona nilitaka kugonga mlango niulize mama yuko wapi. Na watoto wa Oulu wanaenda shule kwa baiskeli juu ya theluji. Ila kama kuna mwenye pumu hapo nyumbani hiyo ni habari nyingine, hewa kavu ya baridi inaweza kuiamsha, muongee na daktari kabla na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, sio kwenye begi.

Adui mkubwa ni jasho. Mtoto anakimbia, analoa ndani, na kama kavaa fulana ya pamba ile fulana haikauki, akisimama dakika tano tu anaanza kutetemeka, mzazi anamuongezea sweta juu ya fulana iliyolowa, hapo hujafanya kitu. Ya ndani kabisa iwe ya sufu au zile nguo za kubana za michezo zisizo za pamba, katikati sweta nzito, juu ovaroli la theluji lisilopitisha upepo wala maji. Viatu vizidi kidogo, vidole viwe na nafasi ya kucheza, ukimvalisha soksi tatu kiatu kikabana miguu itaganda kuliko angevaa moja. Glovu chukua zile za mfuko, vidole vinne vinakaa pamoja vinapeana joto. Na mzula uliofunika masikio.

Kununua wapi? Sweta na mizula pitia mitumba Makambako au Mwanjelwa ukija Mbeya, yale majaketi mazito yanayotutoa jasho dukani mengi yametoka hukohuko kwenye baridi, mnayarudisha kwao likizo. Ila ovaroli na mabuti ya watoto usitupe hela, mwambie wifi yake mama Upendo aazime kwa majirani, watoto wanakua haraka na vitu hivyo vimejaa makabatini mwa watu.

Sasa raha yenyewe. Wanao si wanateleza na dumu lililokatwa kwenye kilima? Basi ni hilohilo, kule wana vibao vya plastiki na kilima kina taa, kwa sababu giza likiingia saa tisa hakuna anayerudi ndani. Mnawasha moto sehemu zake maalum, soseji kwenye kijiti, chai kwenye chupa, na mkeka mnene wa kukalia, usikalie theluji hata kama umevaa nini. Mkitembea barabarani gizani kila mtu anavaa kile kidude kinachong'aa kikimulikwa na gari, kwao ni sheria. Barafu ya ziwa au bahari msiikanyage mpaka mwenyeji aseme, mtu mmoja anahitaji angalau sentimita 5 za barafu ngumu na Desemba bado inaweza kuwa changa. Ukiona alama nyeupe shavuni au puani kwa mtoto na anasema hasikii kitu, weka kiganja chako cha moto hapo na mwingie ndani, usisugue, na zaidi usisugue na theluji. Mdogo muonye asilambe chuma, ulimi unanasa, na najua atajaribu.

Jioni mtapelekwa sauna, kile chumba cha mbao chenye joto kali, wana zaidi ya milioni 3 kwa watu wasiofika milioni 6 kwahiyo hamtakikwepa, kaeni benchi la chini na watoto. Na lile jiko la mkaa tunaloingiza chumbani huku kwetu, lisahauni kule na hata mkirudi, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala.

SWALI
Shangazi, sisi Ufini hatuna ndugu, niko Chimala, nataka kuwapeleka watoto Kitulo, ile hifadhi ya maua. Desemba au Juni?
Mama Neema

JIBU
Maua ni Desemba mpaka Aprili, ile bustani ya Mungu wanayoisifia ndo hiyo. Ila ni mvua, na ile barabara ya kona hamsini na saba ya kupanda Matamba inateleza, muwe na dereva anayeijua. Juni maua machache, anga safi, usiku sakitu. Mi ningeenda Januari na makoti ya mvua. Viazi vya kuchoma mtanunua njiani. Ndaga fijo kwa swali fupi.