Jibu: hizo Marchantia za Fort Portal, geuza tumbo kwanza

Mkuu umeuliza hizo livawoti (vimea bapa visivyo na maua vinavyotambaa juu ya udongo wenye unyevu, Marchantia ni jenasi mojawapo) ulizopiga picha kwenye viriba vya miche hapo Fort Portal, Uganda, ni spishi ngapi, mwenyewe unasema tatu. Mimi niko kwenye nasari na nimezichokonoa sana hizi, na kwa picha zako naona mbili zinaweza kuwa kitu kimoja. Ile yenye mwavuli wa vidole na ile yenye kisahani bapa ni jike na dume tu, maana Marchantia polymorpha kila jinsia ina mmea wake, watu wanaona mume na mke wanaandika spishi mbili 😄

Ya tatu cheki vikombe vyake, vile vidogo vya mgongoni vinavyobeba vichipukizi. Kama ni nusu mwezi basi hata Marchantia siyo, hiyo ni Lunularia cruciata. Vya Marchantia ni duara kamili, ukingo una vijimeno.

Sasa ndani ya jenasi yenyewe ya Marchantia, kutenganisha spishi ndio kuna shughuli. Kwa juu utadanganyika, kivuli na maji vinabadilisha upana na rangi, mmea uleule ukikaa chini ya bomba unanenepa. Jibu liko tumboni. Ng'oa kipande, osha udongo taratibu maana vile vijinyuzi vya chini vinavyofanya kazi ya mizizi vinaung'ang'ania, ulaze chali kwenye tone la maji, utaona magamba membamba, mara nyingi ya zambarau, yamejipanga mistari kushoto na kulia. Hesabu mistari: polymorpha ina sita, nyingi za tropiki nne au mbili. Halafu bandua gamba moja la karibu na katikati kwa kibanio, weka kwenye maikroskopu, nchani lina kijulimi, na umbo la hicho kijulimi pamoja na ukingo wake, laini au wa meno, ndio wataalamu wanatenganishia spishi. Kwa Afrika kuna M. debilis na M. pappeana, usikimbilie polymorpha eti kwa sababu ndilo jina tulilokariri shuleni.

Ikitokea ni polymorpha kweli, bado kuna nususpishi. Mstari mweusi wa mgongoni ukikatika-katika ni ruderalis, ile ya nasari na sehemu zilizoungua, ukiwa mfululizo ni polymorpha yenyewe ya kandokando ya maji, na montivagans haina mstari (mimi mstari peke yake siuamini sana). Na ukiwa na kitabu cha zamani kitakuambia Preissia, livawoti nyingine ya karibu, ni jenasi yake yenyewe, 2016 wameshaiingiza ndani ya Marchantia.

Tuma picha za tumbo basi, na uweke kitu cha kupimia pembeni, hata sarafu ya mia.