Nakshi za Mwalimu Wangu, Naweza Kuziuza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilifunzwa kuchonga na mzee mmoja wa Lamu, sasa nina karakana Malindi. Hoteli imeniagiza milango, na mwenye hoteli amezipenda nakshi za mzee nilizozipiga picha kwa simu. Anataka pia aya ya Qur'ani kwenye meza ya mapokezi. Nichonge?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Waridi, mnyororo na yungiyungi havina mwenyewe. Vimo kwenye milango ya mtaa wa Mkomani, Lamu, na ya Siyu kisiwani Pate tangu babu zetu hawajazaliwa, na kila fundi huchota humo. Lakini mpangilio wa mzee wako, yaani mawaridi mangapi mpaka kona na jani limelalia upande gani, huo ni wake na ndio unaomlisha. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ila kodi ya karakana mzee anailipa mwenyewe. Kwa hiyo panda basi mpaka Mokowe, uvuke kwa mashua hadi Lamu, umfuate kwake; jambo hili si la simu. Mweleze kazi ni ya nani na malipo ni kiasi gani, umwombe ruhusa, na akikubali mpe fungu lake kabla hujashika patasi. Wazee ninaowajua mimi hawakatai. Kinachowauma ni kuikuta kazi yao mahali wakaambiwa ni ya fulani.

Hata hivyo, ningekuwa wewe ningechora yangu. Ukishafika Lamu, kaa mbele ya mlango mmoja wa zamani uzitazame kona zake. Kwenye ubao ulionyooka kila mtu anaweza. Konani ndipo mnyororo unapotakiwa ugeuke bila kukatika, na aliyekosea hesabu utamjua kwa jani dogo alilolichomeka kuziba pengo. Ndiyo maana bikari ya kupimia na penseli hutangulia bobari, ile patasi ya mviringo. Pima ubao wote, anzia kona zote mbili, uje ukutane katikati ya kizingiti cha juu: hapo waridi kubwa litameza tofauti ndogo. Kama ni mbambakofi, noa kila mara. Mti ule haulazimishwi.

Aya, wazee waliichonga juu ya mlango, pamoja na mwaka wa Hijria. Mezani hapana, patawekwa vikombe, mikoba na viwiko vya watu. Mweleze mteja kwa adabu, umpe waridi badala yake. Akishikilia, mwachie meza yake, wewe fanya milango.