Barua kwa Kifungua Mimba Wangu

Kaloleni, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unaniuliza ufanye nini na mdogo wako, ambaye tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yatoke amekuwa akishinda kitandani nyumbani kwako Kasarani: umshurutishe kurudia mtihani, maadamu uko tayari kumlipia, au umwache asomee ufundi wa umeme, ambao huutaja kwa sauti ya chini kama anayeungama dhambi.

Kabla sijakujibu, ni lazima niseme kosa langu. Baba yenu alipofariki, nilikutwika malezi ambayo hayakuwa yako. Ukiwa na miaka 12 ulimwogesha mdogo wako, ukampikia uji na kumsimamia kazi za shule jioni nilipochelewa kazini. Kisha, kila alipoleta ripoti yake, nilimwambia, "Mtazame dada yako." Nilidhani namtia moyo, kumbe nilikuwa nikimfundisha kukuogopa. Ndiyo maana leo, ukimwuliza jambo dogo tu kama amekula, yeye husikia kwamba anahukumiwa.

Basi usimshurutishe. Alama yake ya D+ haimfikishi kwenye shahada, ambayo huhitaji C+, wala kwenye stashahada, ambayo huhitaji C-. Lakini kozi za cheti cha ufundi hupokea kuanzia D, na akihitimu hapo anaweza kuendelea hadi stashahada. Maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, si wa vyuo vikuu pekee. Kurudia mtihani kunaruhusiwa, nami sikupingi kwa sababu ya gharama. Ninapinga kwa sababu anayetaka mtihani huo ni wewe.

Unakumbuka Jumamosi zile ulipokuwa ukimpeleka maktaba ya hapa Kaloleni? Hukumfundisha kusoma hata siku moja. Uliketi ukasoma kitabu chako, naye akavuta kiti karibu nawe, akashika kitabu juu chini, akafungua kurasa kila ulipofungua zako, hadi siku moja nikamsikia njiani akisoma kibao cha duka bila kuulizwa na mtu. Mwanangu, msaada wako mkubwa kwake ulikuwa huo wa kuwa kando yake ukifanya lako, na naamini ndio anaoukosa sasa. Omba ruhusa kazini siku moja, mpande matatu pamoja mwende chuo anachokitaka, mwone karakana, awaulize wanafunzi wa huko maswali yake mwenyewe. Wewe nyamaza. Najua hilo litakuwia gumu kuliko kulipa karo.

Kuhusu fedha, mweleze waziwazi kiasi unachoweza kutoa kila muhula, wala usikope ili kumfurahisha; nusu ya karo nitaitoa mimi kutoka chama chetu cha akiba. Nauli mpe mkononi na usimdai hesabu yake. Vyombo avioshe, maji ayachote siku mfereji unapokauka, kwa kuwa anaishi kwako kama ndugu na si kama mgeni wala mtoto wako.

Akikuambia siri, itunze, hata mimi usiniambie. Ila ukimwona amekata tamaa ya kuishi, au akitamka neno lolote la kujidhuru, usingoje asubuhi: nipigie saa yoyote, umfikishe hospitalini, hata akikasirika. Wazee wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami katika jambo hili nalichukua neno lao kama lilivyo.

Nawe pia unachoka. Kuna siku utatamani kufunga mlango wako na kulala bila kufikiria mtu yeyote, na siku hiyo mtume kwangu. Kitanda chake bado kiko pale pale karibu na dirisha.

Jumapili hii njooni wote wawili baada ya ibada. Nitapika chapati na ndengu. Tukishakula, nakuomba utoke uende kuwasalimu majirani kwa muda wa saa moja hivi, kwa sababu maneno yale ya "mtazame dada yako" niliyasema mimi, na nataka nimwombe radhi tukiwa wawili tu.

Ni mimi mama yako akupendaye.