Acheni nafasi ya pampu ya tatu

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia michoro mitatu ya mainjinia vijana wapya na yote ina ugonjwa mmoja. Mahitaji ya miaka 20 ijayo yameandikwa kwa namba moja tu, na kila kitu, kuanzia bomba hadi transfoma, kimeshonwa kuibana namba hiyo kama suti ya bwana harusi. Nikauliza: je, mahitaji yakija nusu? Nikajibiwa, "Namba imetoka kwa mteja, bosi." Najua. Hata yangu ilitoka kwa mteja.

1. Makadirio si kipimo. Nilikuwa na miaka minne kazini nilipopewa kituo cha kusukuma maji. Nikachagua pampu mbili kubwa, moja ya kazi na moja ya akiba, na kwa namba ile ya mteja pampu iliangukia kwenye kilele cha ufanisi kabisa. Nilitembea na ile grafu kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake wa kwanza.

Viwanda vilivyotarajiwa havikuja. Mahitaji hayakufika hata nusu, wahudumu wakawa wanaibana vali ya kutolea maji ili presha isipande. Mnajua pampu ya aina hiyo, inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka ndani, inavyoteseka ikibanwa: maji yanazunguka ndani ya kasha, shafti inasukumwa upande, sili inaanza kuvuja, kisha beringi inakufa. Ya kwanza ilipokufa nililaumu beringi. Ya pili nikamlaumu fundi kwamba hakulinganisha shafti vizuri, na nikaliandika hilo kwenye ripoti. Naona aibu mpaka leo. Fundi mwenyewe, mtu mzima kuliko mimi, hakubishana. Alinipeleka kwenye vali, akauweka mkono wangu juu ya gurudumu lake. Lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa homa. Ukutani palikuwa na maandishi ya chaki: "MIZUNGUKO 7, USIZIDISHE." Akasema, "Injinia, hii hatujawahi kuifungua yote tangu siku ya uzinduzi."

Tukataka kuongeza pampu ndogo. Iwekwe wapi? Ukuta uko hapa, bomba kuu halina tawi hata moja, paneli imejaa, na njia za kebo hazipitishi hata uzi. Inveta, kile kifaa cha kubadilisha kasi ya mota? Ndiyo, na mimi nilikimbilia huko. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya pampu ile ilikuwa kuyapandisha maji mlimani, na mlima haupungui kwa sababu umepunguza kasi ya mota. Ukishusha kasi kidogo tu, maji hayafiki juu. Mwishowe tulibomoa ukuta. Tawi moja lililozibwa kwa flanji, yaani kisahani cha chuma kinachofungwa kwa bolti, na mita chache za sakafu tupu, vingetuokoa na vumbi lote lile.

2. Gawanyeni uwezo: tatu ndogo badala ya mbili kubwa, na ya tatu inunuliwe siku mahitaji yakionekana.

3. Kabla ya kuanza, ulizeni kama mfumo unaweza kukua kwa hatua. Daraja la George Washington, New York, lilifunguliwa 1931 likiwa na sitaha moja, yaani ghorofa moja ya barabara, ila minara na kebo zake vilishaandaliwa kubeba ya pili. Sitaha ya chini ikaja 1962. Sasa tazameni Iridium, kampuni ya simu za satelaiti, na satelaiti zake 66: huduma ilianza Novemba 1998, na Agosti 1999 kampuni ikawa mahakamani inaomba kinga ya ufilisi. Satelaiti za namna hiyo zinaizunguka dunia nzima, kwa hiyo huwezi kurusha chache, ukaanza na nchi mbili, ukasikilizia soko. Na wakati zinajengwa, simu za kawaida za mkononi zilikuwa zinawanyang'anya wateja. Mtandao wenyewe ulifanya kazi vizuri tu, na wamiliki waliofuata waliuendeleza.

4. Sasa msinielewe vibaya. Kuna kijana, simtaji, alisikia hadithi yangu ya ukuta akaniletea mchoro wenye flanji za akiba kumi na mbili. Kumi na mbili! Kila moja ni gasketi itakayovuja siku moja. Nafasi ya kubadilika inanunuliwa, kwa hiyo inunueni pale ambapo kubomoa baadaye kutauma: zege, ardhi, bomba kuu, njia za kebo. Kidhibiti kinabadilishwa kwa bisibisi, hicho kiacheni.

5. Andikeni kwenye mchoro nafasi imeachwa kwa ajili ya nini. Kituo changu kilichofuata nilikuwa nimeerevuka, nikaacha kitako cha zege, tawi na sehemu kwenye paneli, ila sikuandika popote. Miaka ikapita, mahitaji yakapanda, tukaja na pampu ya tatu juu ya lori, mimi kifua mbele. Juu ya kile kitako palikuwa na meza ya msimamizi wa zamu, pazia limefungwa kwenye tawi langu, na birika linachemkia kwenye umeme wa paneli. Akanikaribisha chai.